Uliza Fundi: Asubuhi inawaka kwa kugusa, mchana inagoma

Mwezi huu barua zimefanana mpaka nikadhani ni mtu mmoja anaandika kwa majina tofauti. Gari ya zamani kidogo, ya nozo, yani EFI, ile ambayo vinozo vinapulizia mafuta kwenye injini badala ya kabureta, asubuhi ukigusa swichi imeshaita, afu mchana ukishaitembeza ukaizima mahali, ukirudi haitaki. Nimechagua tano. Ila msomaji, usichukue jibu la mwenzio ukakimbilia nalo dukani, zinafanana kwa mbali tu, na ndo maana mtu anabadilisha pampu mbili kumbe shida ilikuwa relei, kile kiswichi kinachowashwa na umeme.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tabata, Dar, natumia Corolla 110 injini ya 5A. Asubuhi haina shida kabisa, nusu stata imewaka. Nikienda nayo Kariakoo nikaipaki kama dakika ishirini hivi, nikirudi napiga stata inazunguka weee haiwaki, napumzika, napiga tena, mwisho inawaka huku inatetemeka, ikikaa sekunde kumi inatulia na inakimbia vizuri tu. Ila nikizima sheli nikajaza mafuta nikawasha hapohapo inakubali. Fundi wangu ameshabadilisha plagi, waya za plagi na pampu ya mafuta, laki tatu na nusu imeshaenda, sasa anasema ni kontroli boksi. Ninunue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Kontroli boksi, yani kompyuta ya injini, za hizi Corolla hazifi ovyo, na hata ikifa sijaona inayosubiri dakika ishirini za Kariakoo kwanza. Nusu ya jibu umeshaliandika mwenyewe ila fundi wako hakukusikiliza: ukizima ukawasha hapohapo inakubali, ukiiacha dakika ishirini inagoma. Shikilia hapo.

Gari ikiwa barabarani injini ina moto ndio, lakini maji yanazunguka, feni inapuliza, upepo unapita, na petroli ya baridi inatoka tenki muda wote inapita kwenye bomba la nozo, inayobaki inarudi tenki. Ukizima, vyote hivyo vinasimama kwa mpigo mmoja, ila joto la silinda hedi na manifodi ya ekzosi bado lipo na halina pa kwenda zaidi ya kupanda juu, kwa hiyo chini ya boneti panakuwa pa moto zaidi dakika kumi na tano mpaka thelathini baada ya kuzima kuliko ulivyokuwa unaendesha. Petroli iliyolala pale kwenye bomba la nozo inataka kuchemka. Kinachoizuia ni presha, mana mfumo ukizima unatakiwa ubaki umejaa presha, na petroli yenye presha inachelewa kuchemka, sawa na maji ya rejeta yenye mfuniko mzima. Sasa presha ikivuja petroli inageuka mvuke, nozo ikifunguka inatema mvuke badala ya mafuta, na wewe unapiga stata mpaka pampu isukume ule mvuke wote urudi tenki ndo gari iwake, tena kwa kutetemeka kama ulivyosema.

Hiyo ni njia ya kwanza, mafuta yamekosekana. Ya pili ni kinyume chake, mafuta yamezidi: nozo inadondosha tone tone baada ya kuzima, au sensa ya joto la maji inaidanganya kompyuta kwamba injini ni ya baridi, basi kompyuta inamwaga mafuta kama ya alfajiri na plagi zinalowa. Ya tatu hakuna moto kwenye plagi kabisa. Ukiwa kwenye kiti cha dereva zote tatu ni kitu kimoja tu, stata inazunguka gari haiwaki, na hapo ndo pesa za watu zinapopotelea, kwa sababu gari inapelekwa gereji asubuhi, imepoa, inawaka, fundi hana cha kupima anaanza kubahatisha na hela yako.

Kwa hiyo sharti langu ni moja: ipimwe ikiwa imegoma. Fundi aiendeshe mpaka mshale wa joto ukae pale katikati, aizime, afunge boneti, anywe chai yake taratibu, ikishapita robo saa aipige stata. Ikigoma hapo ndo aanze kazi, na asiipoteze ile nafasi kwa kuipigapiga mpaka iwake, mana ikiwaka ushahidi umeondoka.

Kitu cha kwanza hata hakihitaji kifaa. Kanyaga mafuta mpaka chini ulivyokanyaga usiachie, piga stata. Ikianza kukohoa ikawaka na ikatoa moshi mweusi na harufu ya petroli, ilikuwa imezidi mafuta, ile hewa nyingi ndo imeisaidia. Ikiwa bado hamna kitu, nenda kwenye boneti utafute kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua mfuniko, ndani yake kuna matundu yameandikwa. Chukua kipande cha waya uunganishe +B na FP, weka swichi ON bila kupiga stata, utasikia pampu inalia na petroli inapita inasikika kabisa kwenye bomba la nozo. Iache sekunde kama kumi na tano, toa waya, piga stata. Ikiwaka mara moja umeshamkamata, ni presha iliyovuja na mvuke. Ikigoma vilevile, presha haihusiki, chomoa waya mmoja wa plagi, weka plagi ya akiba, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na nozo, mwenzio apige stata, uone kama kuna cheche.

Isipokuwepo cheche angalia distribyuta, ile inayogawa moto kwa kila plagi. Mle ndani kuna vikoili vidogo vya kusoma mzunguko, waya wake ni mwembamba, ukipata moto unaachana ukipoa unagusana tena, ndo maana fundi akipima ikiwa baridi mita inasoma vizuri. Ipimwe ikiwa ya moto. Na kabla ya kufungua chochote soma kodi, yani namba za makosa ambazo kompyuta imeziweka, haihitaji mashine: kwenye kiboksi kilekile unganisha TE1 na E1, swichi ON, hesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika hakuna kodi. Mpepeso mmoja, inapumzika, miwili, hiyo ni 12. Namba 12 na 13 ni ishara ya mzunguko wa injini, 14 ni ya ignaita, kile kifaa kinachoiamuru koili itoe cheche, 22 ni sensa ya joto la maji.

Kwa dalili zako wewe mimi naweka hela yangu kwenye presha. Anza na kile cha bure: kwenye bomba la nozo kuna kikopo kidogo cha chuma kinachorekebisha presha, kina kimpira chembamba kinachokwenda kwenye manifodi ya hewa. Kichomoe hicho kimpira unuse, angalia ndani. Kikiwa na unyevu wa petroli kiwambo cha ndani kimepasuka, badilisha hicho kikopo, kazi imeisha. Kikiwa kikavu tafuteni geji ya presha. Kimpira kikiwa kimechomolewa, injini ikiwa inaunguruma, isome kati ya ba (kipimo cha presha) 2.7 na 3.1 hivi, na ukishazima ikae dakika tano isishuke chini ya 1.5. Ikishuka haraka, rudia, ila safari hii ukizima tu bana ule mpira wa kurudisha mafuta tenki. Ikishika sasa, mharibifu ni kile kikopo. Isiposhika rudia tena ubane mpira wa kuleta mafuta, ikishika hapo valvu ya pampu inavuja, mafuta yanarudi tenki. Ukibana pande zote na bado inashuka, ni nozo inayodondosha. Bana sehemu ya mpira tu, bomba gumu la plastiki ukilibana umelivunja. Na jamani hiyo ni petroli yenye presha juu ya injini ya moto, kabla ya kufungua nati yoyote chomoa soketi ya pampu upige stata presha iishe, mtungi wa kuzimia moto uwe miguuni na anayevuta sigara akae ng'ambo ya barabara.

Utaniuliza pampu si imebadilishwa juzi? Ndio, na ndo mshukiwa wangu wa pili. Pampu feki zinazouzwa bei ya kutupa zinaweza kuwa na valvu inayovuja toka siku ya kwanza, presha ya kukimbilia inatoa ila ya kulala haiwezi. Afu acha tabia ya kutembea na tenki lenye mafuta ya buku kumi kumi, pampu iko ndani ya tenki na inapozwa na hiyohiyo petroli.

Moja la mwisho kwako, waulize kama walishatoa themostati. Mafundi wetu wengi wana imani kwamba nchi ya joto haihitaji themostati, wanaitoa wanatupa. Ile kitu inafunguka kwenye digrii 82 hivi, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake. Ukiitoa, barabara kuu injini inakaa ya baridi, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta, plagi nyeusi, mafuta yanaliwa, na siku sensa nayo ikichoka hujui kipi ni kipi. Sensa yenyewe ni ya waya mbili, ipime kwa mita ikiwa imechomolewa soketi: kwenye digrii 20 inasoma upinzani wa omu 2,000 mpaka 3,000, kwenye 80 inashuka mpaka 200 au 400. Na usidanganyike kwamba mshale wa dashibodi uko vizuri, kwenye Toyota za enzi hizo mshale una sensa yake nyingine ya waya mmoja, hazijuani.

SWALI: Assalam aleikum fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni nafanya kazi kisiwani Mombasa. Nina X-Trail ile ya kwanza, T30, ya petroli. Kwenye foleni ya feri jua la mchana gari lajizima lenyewe, nikipiga stata lazunguka tu haliwaki, watu wanipigia honi, vijana wanisukumia pembeni. Baada ya nusu saa lawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Mekanika mmoja asema pampu, mwengine asema gasketi imeungua. Nimechoka.

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, pole sana na hiyo aibu ya feri. Kwanza gasketi iweke pembeni, gasketi ikiungua haiponi yenyewe nusu saa, ungeona maji yanapungua, mapovu kwenye rejeta, au moshi mweupe.

Yako si kama ya kijana wa Tabata hapo juu. Ya kwake inakimbia vizuri mpaka aizime mwenyewe. Yako inazima ikiwa inaunguruma, na T30 inayozima ikipata moto ikapona ikipoa, mimi naanza na sensa ya krenki na sensa ya kamshafti, siendi kwengine. Hizi ndo zinazoiambia kompyuta injini imefika wapi kwenye mzunguko wake. Ikikosa habari hiyo kompyuta haijui lini itoe moto wala lini ifungue nozo, basi inakata vyote. Ndani ya sensa kuna sakiti ndogo ya elektroniki imefunikwa na plastiki, ikizeeka joto linaiua kwa muda, ikipoa inafufuka. Ugonjwa huu unajulikana, Marekani Nissan yenyewe iliwahi kuziita zirudi karakana Altima na Sentra zenye injini ya familia hiyohiyo ya QR kwa ajili ya sensa ya krenki.

Siku likizima tena fanya hivi kabla ya kushuka: piga stata huku unaangalia mshale wa arpiemu, ule wa mizunguko ya injini. Injini ikizungushwa na stata ule mshale unatakiwa uinuke kidogo. Ukilala sifuri palepale huku injini inazunguka, sensa ya krenki haisomi. Afu mwambie mekanika asome kodi kwa mashine hapohapo, P0335 ni ya krenki, P0340 ya kamshafti. Kodi isipokuwepo usimwachie sensa huru, mara nyingi ikifa ghafla na kufufuka haiachi alama. Njia ya kijijini ni kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, aipate sensa yenyewe aifunike nacho dakika mbili tatu bila kugusa kitu kingine chochote, likiwaka hapo badala ya kusubiri nusu saa, mmemaliza ubishi.

Badilisha zote mbili kwa mpigo, zimezeeka pamoja, usije ukarudi feri kwa ajili ya ya pili. Na hapa usibane pesa dada, chukua orijino. Zile za bei nafuu zisizo na jina utazikuta zimejaa Kirinyaga Road huko Nairobi na hapo kwenu pia, nyingine hazimalizi hata kiangazi kimoja, na nyingine gari linawaka nazo lakini linavuta kwa kusuasua. Akishafunga aangalie na soketi pia, plastiki ya vile vishikio inakauka inavunjika, soketi inacheza, unakuwa umenunua sensa ukabaki na tatizo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Honda CR-V ya kwanza kabisa ile, niko Dodoma. Naifikisha ofisini saa moja na nusu, naiacha juani mpaka saa kumi. Nikirudi haiwaki. Cha ajabu injini imeshapoa kabisa, haijatembea kutwa nzima! Nikifungua milango tukapiga stori kidogo inawaka. Wenzangu ofisini wananicheka wanasema gari ina jini.

JIBU: Nzuri dada, na hao wenzio waambie jini lenyewe liko nyuma ya dashibodi, ni la plastiki, lina miguu saba hivi.

Umeandika kitu cha maana kuliko wote mwezi huu, kwamba injini imepoa na bado inagoma. Basi joto linaloisumbua sio la injini, ni la ndani ya gari. Honda za miaka ya themanini na tisini mpaka hizo CR-V zina relei kuu inayopeleka umeme kwenye kompyuta na kwenye pampu ya mafuta, na wameifunga nyuma ya dashibodi. Gari likikaa juani Dodoma vioo vimefungwa, mle ndani panakuwa tanuri. Ndani ya hiyo relei kuna kibao cha sakiti, na zile risasi zilizolehemiwa kwenye miguu zimepasuka kwa uzee, ufa mwembamba kama unywele, joto likitanua vitu mguu unaachia. Ukifungua milango upepo ukaingia unarudi kugusana. Ndo stori zenu zinavyoiwasha gari.

Hakikisha hivi: ikigoma weka ON usikilize. Taa ya cheki injini inawaka kama sekunde mbili inazima, na pampu inatakiwa ilie kule nyuma sekunde hizohizo mbili. Taa ikiwaka ikazima vizuri na pampu kimya, ni hiyo relei karibu kila mara. Funguo irudishe uweke ON tena mara kadhaa, saa nyingine itakubali ghafla, hiyo nayo ni dalili. Pampu ikilia kila mara na bado haiwaki, basi sio yenyewe, rudi kwenye kupima cheche.

Mpelekee fundi wa redio na TV, sio lazima wa magari. Aitoe kwenye kasha lake, aangalie kwa kioo cha kukuzia, kwenye mguu wa umeme mkubwa atakuta duara jeusi kuzunguka risasi. Ayeyushe upya aongeze risasi kwenye miguu yote, asiweke kwenye ule mmoja tu. Ikikataa tena baadaye nunua mpya.

SWALI: Fundi mwanangu, salaam kutoka Arusha. Mimi ni mstaafu, nina Mercedes 190E niliyoinunua zamani na nimeapa kufa nayo. Ikiwa ya baridi haina neno. Ikipata moto nikaizima nikakaa kanisani saa moja, kuwasha ni vita, na betri inaisha. Fundi hapa anataka kuitoa injini aweke ya Toyota. Unasemaje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Huyo fundi asiiguse kabisa hiyo gari, na ukija kuchoka nayo mimi ndo wa kwanza kuambiwa.

Hiyo 190E ina mfumo wa Bosch unaitwa KE-Jetronic, sio wa nozo za umeme kama za Corolla. Nozo zake hazina waya hata mmoja, ni za springi, zinafunguliwa na presha ya mafuta yenyewe, na inamwaga muda wote injini ikizunguka. Presha yake ni kubwa, zaidi ya ba 5, karibu mara mbili ya Toyota. Mfumo wa hivi bila presha ya kulala hauna maisha, na Bosch walilijua hilo, wakaweka kifaa cha kazi hiyo tu, kinaitwa akyumuleta. Ni kopo la chuma lenye springi na kiwambo, liko pamoja na pampu chini ya gari mbele ya tairi la nyuma la kulia, nyuma ya kifuniko cha plastiki. Ukizima gari springi inaendelea kuyasukuma mafuta taratibu ili presha isianguke.

Kiwambo kikipasuka inakuwa kama unavyosema. Kwenye hilo kopo upande wa nyuma kuna kimpira kidogo kinachorudi upande wa pampu inakovuta mafuta. Kitolewe hicho kimpira kwenye kopo pampu ikiwa inafanya kazi. Tundu likiwa kavu kopo ni zima. Petroli ikitoka hapo, hata kwa kuchuruzika, kiwambo kimekufa, nunua akyumuleta. Ikiwa kavu basi mshukiwa ni valvu ya kutorudisha iliyofungwa kwenye mdomo wa pampu, na hiyo inauzwa peke yake, hakuna haja ya pampu nzima.

Zikiwa nzima zote mbili, mwambie aangalie nozo ya tano, ile ya kuwashia asubuhi ya baridi. Iko kwenye manifodi, inatakiwa imwage sekunde chache tu injini ikiwa ya baridi. Ikivuja, mafuta yanajaa manifodi wakati umekaa kwenye ibada na ukitoka gari imezama. Hapo utanusa petroli kali na ikiwaka itatoa moshi mweusi, na kwa kukanyaga mafuta mpaka chini inawaka kwa urahisi zaidi. Ya akyumuleta haina harufu hiyo.

Wakati unasubiri spea ili betri yako ipone: weka ON, pampu italia kama sekunde moja na kunyamaza, rudisha, weka tena ON, fanya hivyo mara nne tano ndo upige stata. Inajaza presha kidogo kidogo. Na usafishe tenki kabla ya kufunga pampu au akyumuleta mpya mzee wangu, gari za umri huo zikikaa na tenki nusu kutu inaanza ndani, na ile distribyuta ya mafuta kule mbele haina huruma na uchafu, ukiiziba hiyo ndo utajuta kuifahamu bei yake.

SWALI: Mambo vipi fundi, Noah ya petroli injini 3S, napiga nayo mizigo Mwanza. Yangu tofauti na za wengine, ikipata moto nikizima nikiwasha inasema KA tu, haizunguki kabisa. Nasubiri au nasukuma. Jamaa wananiambia ni mvuke wa mafuta.

JIBU: Poa mdogo wangu. Isipozunguka mafuta hayahusiani, hata tenki lingekuwa tupu stata ingezunguka. Hapo ni umeme na chuma, usimsikilize mtu anayetaka kukuuzia pampu.

Waya na koili ya stata vikipata moto vinazidi kuupinga umeme, na injini yenyewe ya moto inaweza kuwa nzito kidogo. Kwa hiyo udhaifu uliokuwepo ukiwa baridi ulikuwa unafichika. Chukua mita. Waya nyekundu ya mita kwenye bodi ya injini, nyeusi kwenye kichwa cha betri cha hasi chenyewe, sio kwenye taminali, mwenzio apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi yako, ule waya wa hasi unaotoka betri kwenda injini na bodi, ni mbovu, safisha inakofungwa au weka waya mpya mnene. Betri yenyewe ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga, ichajiwe kwanza ikapimwe. Halafu angalia waya mwembamba unaofika kwenye solenoidi ya stata, ile swichi kubwa ya sumaku iliyoko juu yake, gari ikiwa inasema KA, ukikuta umeme umeshapungua mpaka volti nane tisa, shida ni swichi au waya kutoka dashibodi, weka relei karibu na stata na mambo yatanyooka.

Kote kukiwa vizuri na bado inasema KA, toa stata, fungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi. Ndani kuna kopa mbili, vipande vya shaba, na kisahani kinachozigusa kwa pamoja. Utakuta moja imeliwa kuliko mwenzie, kisahani kinagusa upande mmoja kinaning'inia upande wa pili, ndo hiyo KA unayoisikia. Kopa zinauzwa peke yake kwa bei ya chakula cha mchana, usikubali stata nzima ya mtumba kabla hujaziona, mana na hiyo ya mtumba nayo imekuja na kopa zake zilizoliwa Japani.